Ukuta Uliopakwa Chokaa Mapema

Wapendwa, tunauliza: mwenye nyumba akipaka chokaa juu ya ukuta ambao ungali na maji ndani, kisha akaipangisha, je, amesema uongo? Kinywa chake hakikutamka neno. Mpangaji aliona mwenyewe, akalipa garanti.

Hapa Uvira mto Mulongwe ulifurika usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, na nyumba maelfu zikaharibika. Tuliona wenyewe ya kuwa tofali bichi lililokunywa maji hukauka usoni kwanza. Katikati lingali laini. Ukilifunika kwa simenti, maji hayana pa kutokea. Chini ya ukuta huliwa polepole, na siku moja huangukia watoto waliolala. Yafaa kutoa matope, kubandua lipu ya chini, kuchimba mfereji, kuacha milango wazi mchana kutwa, na kungoja majuma mengi. (Wengine huwasha makala ndani na kufunga dirisha. Hewa yake inaua, tusifanye.)

Wako wanaosema: naye ni maskini, nyumba ndiyo shamba lake. Ni kweli, na kungoja ni njaa. Lakini kwa nini alama ya maji ndiyo iliyopakwa kwanza? Mkono nao unasema uongo.

Basi aonyeshe alama, apunguze bei. Mwenye shida akikubali, akubali akijua, alaze watoto mbali na ukuta ule. Na aliye na mpangaji ndani tayari, amwambie jioni hii, hata kama garanti imekwisha kuliwa.