Mla Nawe Hafi Nawe



Je, yafaa Mkristo kutembezwa katika mitaa ya starehe na pombe, hata kama ni kwa kujifunza historia? Wengine watajibu upesi kwamba haifai. Tusijibu kabla ya kuyatazama mambo yenyewe.

Tuchukue mfano wa Southwark, mtaa wa London ulio kusini ya mto Thames. Huko wako watu ambao kazi yao ni kuwaongoza wageni kwa miguu na kuwasimulia jinsi wenyeji wa kale walivyojiburudisha. Zamani sehemu kubwa ya mtaa huo haikuwa chini ya amri ya wakuu wa jiji, basi mambo yaliyokatazwa mjini yalivuka daraja. Palijengwa majumba ya michezo ya kuigiza: Rose mwaka 1587, na Globe, la akina Shakespeare, mwaka 1599. Watu walilipa kiingilio watazame mbwa wakimrarua dubu aliyefungwa mnyororo. Baa ya George, iliyojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1676, hata leo inauza bia. Kiwanda cha bia cha Anchor, kilichonunuliwa na akina Barclay na Perkins mwaka 1781, kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Sasa hakipo tena.

Kusikia hayo si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana, wala hakuona haya kuketi na watu waliodharauliwa.

Lakini mwongozaji mwaminifu haishii baani. Karibu na Kanisa Kuu la Southwark kuna magofu ya jumba la Maaskofu wa Winchester. Hao ndio waliokuwa na mamlaka juu ya eneo lile, pamoja na nyumba za makahaba zilizokuwamo, hata zilipofungwa kwa amri ya Mfalme Henry VIII mwaka 1546. Faini na kodi ziliingia katika hazina ya askofu. Watu wakawaita wanawake wale bata bukini wa Winchester.

Walipokufa je? John Stow aliandika mwaka 1598 kwamba wazee walimweleza jinsi walivyonyimwa maziko ya Kikristo, wakatengewa uwanja mbali na kanisa la parokia. Yaaminika kuwa mahali hapo ni Crossbones, ambapo baadaye walizikwa maskini wengi, mpaka makaburi yakafungwa mwaka 1853 kwa kujaa. Leo watu hufunga utepe langoni kuwakumbuka. Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe. Fedha zao zilipokelewa. Maiti zao zilikataliwa.

Mwaka 2015 Kanisa Kuu la Southwark lilifanya ibada ya majuto na ukumbusho kwa ajili ya wafu hao. Wengine watauliza, toba ya miaka mia kadhaa baadaye yamfaa nani? Wafu hawakuisikia. Mimi naona yatufaa sisi tulio hai, maana kanisa lisiloyataja makosa yake ya jana litayarudia kesho bila kujua.

Na sisi hatuko mbali na Southwark. Katika mitaa yetu yuko mama anayepika pombe apate karo ya watoto. Siku ya mchango wa kujenga kanisa tunapeleka bahasha mpaka mlangoni pake, nayo hairudi tupu. Akiugua, ni wangapi kati yetu wanaokwenda kumtazama? Akifa, tunaanza kuulizana kama jina lake limo daftarini. Sisemi ulevi ni mwema. Tumeona nyumba zilizovunjika. Nasema kwamba asiyestahili kuzikwa nasi, fedha zake pia zisingestahili kupokewa.

Basi tutembee, ndugu zangu, na vijana wetu watembee pia. Ila kila tufikapo mahali pa furaha tuulize: ni nani aliyeilipia furaha hii, naye alizikwa wapi?