Kinga Mpya Alunguli

Kinga mpya, yaani baiskeli, ya hapa Alunguli, mjini Kindu, mara nyingi huvuka mto kwanza. Imenunuliwa upande wa Kasuku, ikalazwa ndani ya mtumbwi, na mwenyewe anaishikilia kama mtoto mchanga mpaka ng'ambo. Hataki msaada kuipandisha ukingoni. Karatasi za kiwandani bado zimezungushwa kwenye vyuma, na ole wake atakayezichana! Kengele inalia hata pasipo na mtu wa kupisha.

Msimcheke. Wazee wetu wanakumbuka vita vya Kongo vya 1998 hadi 2003, treni iliponyamaza: chumvi, sabuni na mafuta ya mawese vilisafiri juu ya kinga, wanaume wakizisukuma porini siku nyingi, magunia yakiwafika kifuani. Siku hizi pikipiki zimejaa, sawa, zinakimbia. Ila mafuta yakipanda bei, tunajua nani anaendelea na safari.

Kijana wetu mwenye kinga mpya naye, kesho kutwa, atafunga magunia yake ashike barabara ya Kalima. Leo mwacheni azunguke mtaa bila mzigo, akisalimia hata asiowajua.