Mpimeni Mtoto Kabla ya Kununua Kitabu

Enyi wazazi mliowatoa watoto shuleni mkaamua kuwafundisha nyumbani, nisikilizeni! Kila Desemba nawasikia mkiulizana: tuchukue vitabu vya hesabu vya Saxon au vya Singapore? Tufuate mtaala wa Kenya au wa Uingereza? Maswali hayo nayaheshimu, lakini mmeyaanzia mkiani. Habari za kitabu mmezichunguza hadi usiku wa manane, na mtoto mwenyewe hamjamuuliza lolote.

Mpe 52 kutoa 38. Kisha nyamaza. Usimsaidie hata kwa kukohoa. Akiandika 26, tazama alichofanya: ameona 8 haitoki kwenye 2, akageuza, akatoa 2 kwenye 8 akapata 6, halafu 3 kwenye 5 akapata 2. Mtoto huyo si mjinga! Amejitungia kanuni, na kanuni yake humfaa siku zote isipokuwa siku ya kukopa. Na huyo ndiye mnayemnunulia kitabu cha Gredi ya 5, kwa kuwa ametimiza miaka kumi na binamu yake yuko Gredi ya 5!

Hayo ni majivuno, wapendwa. Nasema tena: ni majivuno. Namba iliyo kwenye jalada mmeigeuza sanamu, na sadaka yake ni mtoto. Mlimtoa shuleni mkilalamika kwamba mwalimu anakimbia na kumwacha nyuma. Sasa mnaomkimbiza ni ninyi, naye hana pa kujificha, maana darasa zima ni yeye peke yake.

Mteremsheni! Mrudisheni hadi pale anaposimama mwenyewe, hata kama ni kitabu cha Gredi ya 2, na shangazi aseme atakavyo. Tafuteni vijiti, mvifunge kumi kumi kwa mpira. Mafungu matano na vijiti viwili, hiyo ndiyo 52. Mwambieni aondoe thelathini na vinane. Mafungu matatu yatatoka bila shida. Kisha atafika kwenye vile viwili, atakwama, atakutazama usoni. Usiseme neno! Mwache afungue fungu kwa vidole vyake, vijiti kumi vimwagike mezani, viwili viwe kumi na viwili. Siku hiyo hatahitaji kuambiwa kukopa ni nini.

Sasa ndipo tuje kwenye vitabu. Vile vya Singapore, vilivyoanza kutoka mwaka 1982, hufuata njia hiyohiyo: kwanza kitu cha kushika, kisha mchoro, kisha namba. Vinampendeza mtoto wa kuuliza kwa nini, ila vinamtaka mzazi aliyekaa kando yake. Ukimwachia mtoto kitabu ukaenda zako, mtapotea wote wawili. John Saxon naye alikuwa afisa mstaafu wa jeshi la anga la Marekani. Alipofundisha aljebra chuoni Oklahoma aliona wanafunzi wakisahau leo walichokijua juzi, akaandika vitabu vyake mwenyewe: kila somo huongeza kidogo tu, kisha hurudi nyuma kwa maswali kama 30 ya mchanganyiko. Mtoto msahaulifu ataponea humo. Mtoto mwepesi atayachukia hayo 30 kabla ya Pasaka. Tena mjue kwamba mtoto wa Nakuru atajikuta akihesabu senti za Marekani na kupima kwa inchi.

Vyote viwili vina majaribio ya kumpangia mtoto mahali pa kuanzia, tena ya bure. Basi kisingizio cha pesa kimekwisha! Na mfuko ukiwa mwepesi, vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, vina shilingi na mita zetu. Hata vile vya mtaala wa zamani wa 8-4-4 vinavyouzwa inama, chini kando ya barabara, bado vina kazi. Mtaala ulibadilika, kutoa hakukubadilika.

Mkishachagua, kaeni nacho. Acheni kuruka kila muhula kwa sababu jirani amesifu kingine. Mtoto anabaki na mianzo mitatu na hana mwisho hata mmoja. Na wewe baba unayetamba mbele ya mwanao kwamba hesabu zilikushinda, funga kinywa hicho leo! Usiku akilala, fungua somo la kesho, shika penseli, ufanye maswali yote. Ukikwama kwenye la nne, mwamshe mama yake mkwame pamoja.