Uaminifu wa Msafiri

Je, mtu huaminiwa kwa mahali aliposimama, au kwa dhati yake? Suala hili la kale limezuka upya katika jambo lionekanalo dogo, nalo ni kupeleka barua pepe kwa kompyuta mpakato, ambayo humfuata mwenyewe kutoka mtandao wa nyumbani hadi wa ofisini, na kutoka huko hadi wa hoteli ya Maskati au wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam.

Jon Postel alipoziandika, mwaka 1982, kanuni za upokezanaji wa barua hizo, hakuweka sharti la mpelekaji kujithibitisha. Seva iliweza kuipokea barua ya yeyote na kuifikisha kwa yeyote, kwani watumiaji wa siku zile walikuwa wachache na wengi wao wakijuana. Katika miaka ya tisini wakazidi wenye barua taka, wakaugeuza ukarimu ule kuwa njia ya kuwaudhi watu, hata wenye seva wengi wakakata shauri kwamba atokaye katika anwani za mtandao wao apokewe, na atokaye nje akataliwe. Hukumu hiyo ikamwangukia msafiri asiye na hatia: mteja yule yule, mwenye kulipa ada yake, ambaye barua yake ya asubuhi ilipita, jioni akiwa ugenini aliambiwa hana ruhusa. Hiyo ilikuwa dhuluma, ijapokuwa hofu iliyoizaa ilikuwa ya haki. Maana mahali hapatoi ahadi, wala hapaulizwi juu ya ahadi iliyovunjwa.

Suala hilo hilo liliwahi kuzuka katika kupokea Hadithi za Mtume. Imepokewa kutoka kwa mwanachuoni Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729, kwamba watu hawakuwa wakiuliza isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa Hadithi, mpaka fitina ilipotokea baina ya Waislamu, ndipo wakataka kutajiwa wapokezi. Wengi wa wapokezi hao walikuwa wasafiri, wakizunguka miji kutafuta Hadithi, na kilichopimwa kwao ni uadilifu na nguvu ya hifadhi.

Mafundi wa mtandao nao wakaelekea huko kwenye kumpima mtu badala ya mahali alipo. Mwaka 1998 walitenga mlango wa 587 kwa barua zitokazo kwa watumiaji wenyewe, na mwaka 1999 wakatoa kanuni ya kujithibitisha, ambayo kwayo mtu hutambuliwa kwa jina na nywila yake popote alipo, mradi nywila hiyo isitiriwe kwa usimbaji njiani. Basi enyi wasimamizi wa seva, msimrudishe mtu kwa ugeni wa anwani yake. Mtakeni ithibati, na akiitoa, ipokeeni barua yake.