Mbwa wa Siku ya Pili

Kazi ilikuja saa nne usiku: maneno elfu mbili kuhusu kuchagua na kufunza mbwa wa kufuatilia ayala aliyejeruhiwa, iwe tayari kesho asubuhi. Mteja yuko Ulaya. Mimi niko Kahawa West, ghorofa ya nne, na mbwa pekee ninayemjua kwa jina ni Simba wa mlinzi wa ploti, ambaye kazi yake kubwa ni kulala kwenye ngazi. Lakini ukishaacha chuo mwaka wa tatu ukaamua kula kwa kalamu, huchagui mada. Nilisoma usiku kucha, nikaandika, nikalipwa. Kilichobaki ni swali moja ambalo mteja hakuliagiza.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama. Ayala ni yule wa Zaburi ya 42, anayetamani maji. Huku kwetu hayuko. Afrika nzima utampata kaskazini tu, kule Algeria na Tunisia. Ukiona picha ya dume utasema ni swala aliyeota matawi kichwani. Scotland na Ujerumani wako wengi mno. Scotland mbwa mwitu waliokuwa wakiwala walimalizwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na ayala wakiachwa wazidi wanatafuna miche yote mpaka msitu unashindwa kuota tena. Kwa hiyo watu huwawinda kwa bunduki, kwa kuwanyemelea polepole kwa miguu, upepo ukiwapiga usoni ili mnyama asipate harufu yao.

Sasa, risasi haiendi kila mara pale ulipotaka. Mnyama amegeuka kidogo, kidole kimetikisika, kuna tawi ambalo hukuliona. Ayala anaruka, anaingia msituni, anapotea. Wewe umebaki na bunduki na ukimya.

Hapo ndipo mbwa anapohitajika. Wajerumani wana mbwa waliozalishwa kwa kazi hii pekee: yule wa Hannover, mzito na mtulivu, na yule wa milima ya Bavaria, mwepesi kidogo, ambaye chama cha wafugaji wake kilianzishwa Munich mwaka 1912. Hata jina la aina hizi linachekesha. Neno lao la damu ya mnyama aliyepigwa, katika lugha ya wawindaji, ni lile lile ambalo Mjerumani wa kawaida analitumia kwa jasho. Kwa hiyo ukitafsiri neno kwa neno unapata mbwa wa jasho.

Ukienda kuchagua mtoto wa mbwa wa kazi hii, usibebwe na yule anayekurukia na kukulamba uso. Muangalie yule aliyeinamisha pua, amepata kitu kwenye majani, na hata ukimwita anasita kwanza. Unataka ukaidi wa aina fulani. Halafu uliza kuhusu wazazi wake, kama walifanya kazi hiyo au walikuwa wa kupigwa picha tu, na kama wanavumilia mlio wa bunduki.

Mafunzo yenyewe ni ya subira hadi yanakera. Unaanza kwa kuburuta kipande cha ini kwenye nyasi, hatua chache tu, na mwisho wa mstari kuna zawadi. Baadaye unatumia matone ya damu, na viatu maalumu vyenye kwato za ayala zilizofungwa kwenye soli, kwa sababu mbwa hafuati damu peke yake. Kila mnyama huacha harufu yake mwenyewe kupitia kwato, na huyo ndiye mbwa anatakiwa amshikilie hata damu ikikatika, hata wanyama wengine kumi wazima wakipita juu ya njia ile. Unaongeza kona. Unaongeza umbali. Unaacha njia ilale usiku mzima ndipo umlete mbwa. Katika mtihani mmoja wa Ujerumani njia ina urefu wa mita 1,000, damu iliyotumika haizidi robo lita, na imekaa saa 20 au hata 40. Mwenye mbwa hajui njia imepita wapi.

Hilo la mwisho nililipenda sana. Kamba ina urefu wa mita kumi hivi. Mbwa yuko mbele, mtu yuko nyuma, na kosa kubwa la mtu ni kudhani anajua. Anaona kichaka pale anawaza, lazima aliingia pale, kisha anavuta kamba. Mbwa alikuwa sawa. Kufunza mbwa huyu, kwa kiasi kikubwa, ni kufunza mtu kunyamaza.

Kuna pia kusubiri. Pale mnyama alipopigwa unatafuta alama: damu nyekundu yenye povu ni mapafu, huyo hayuko mbali. Damu nyeusinyeusi ni ini. Ukiona majimaji ya kijani, umepiga utumbo, na hapo unatakiwa ukae chini usubiri saa tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Ukimkimbilia sasa hivi kwa sababu roho inakusuta, atainuka na maumivu yake akimbie mbali zaidi, afie mahali ambapo hata mbwa hatamfikia. Huruma ya haraka inamuumiza mara ya pili. Niliposoma hapo niliinuka nikaenda kuchemsha chai.

Rafiki yangu nilipomsimulia alicheka. Akasema, “Manze, si waache tu kupiga risasi?”

Ni hoja nzito, na majibu mepesi hayaifikii. Mtu anaweza kusema mbwa huyu ni kiraka cha kufunika dhambi: ukijua kuna mbwa, kidole kinakuwa chepesi. Unapiga hata gizani, hata mbali, kwa sababu kuna wa kukusafishia. Naamini watu hao wapo. Na mbwa hawezi kuwatofautisha. Yeye anafuata harufu kwa furaha ile ile, akiwa na mwenye kiburi au mwenye majuto. Tumechukua njaa ya mnyama mmoja tukaifanya dhamiri yetu kuhusu mnyama mwingine, na hatukumuuliza yeyote kati yao.

Lakini kuna kipimo ambacho kinatenganisha watu, nacho ni asubuhi ya pili. Ayala aliyepigwa utumbo akalala nje usiku kucha, nyama yake kwa kawaida imeshaharibika. Hauuziki, haliki. Kama ulikuwa unatafuta nyama, asubuhi ya pili huna sababu ya kuamka saa kumi na moja, kwenye baridi, umfunge mbwa ukanda wake mpana wa kazi na utambae kwenye miiba. Anayekwenda siku hiyo anakwenda kwa sababu moja tu: kuna kiumbe mahali fulani kinaumia na ni yeye aliyekiumiza.

Nchi zingine hazikuachia hilo moyo wa mtu. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani inadai mnyama aliyejeruhiwa amalizwe maumivu bila kuchelewa. Uswidi, ukiwinda wanyama wa jamii ya ayala, lazima uwe na uwezo wa kumfikisha mbwa wa kufuatilia mahali pale ndani ya saa mbili. Hata Uingereza na Wales, ambako sheria ya 2004 ilipiga marufuku kuwinda wanyama wa porini kwa mbwa, iliachwa nafasi ya kumtumia mbwa kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa ili kumwondolea mateso.

Immanuel Kant, akiwafundisha vijana kule Königsberg karne ya 18, alisema mnyama hatumdai wala hatudai chochote moja kwa moja. Tumtendee wema kwa sababu anayezoea ukatili kwa mnyama ataufikisha kwa binadamu. Alitoa mfano wa mbwa mzee aliyemtumikia bwana wake. Kwa heshima zote kwa mzee Kant, nadhani hapo alikwama. Yule mtu wa asubuhi ya pili hafanyi mazoezi ya utu. Ukimwambia, “Hongera, unajijenga tabia,” atakushangaa. Deni analolilipa ni la ayala, na lipo hata kama ayala hatawahi kujua jina lake.

Sisi Wakenya tunaweza kujisikia wasafi hapa. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na haujaruhusiwa tena. Lakini nenda Tsavo uulize kuhusu mitego ya waya. Mtu anafunga kitanzi kwenye njia ya wanyama, anaenda zake. Punda milia anaingia, anavuta kwa nguvu zote, waya unakatika, naye anatembea wiki nzima na chuma ndani ya nyama ya shingo. Kuna vikosi vya kuondoa mitego vinavyofanya kazi na KWS, na madaktari wa wanyama wanaowalaza kwa sindano ili wakate waya. Hao wanafuata majeraha ambayo hawakuyafanya. Aliyetega hayupo kabisa kwenye hadithi. Mtego umebuniwa hivyo, uumize bila wewe kuwepo. Kati ya mwindaji wa Scotland mwenye kibali na yule aliyetega waya kwa njaa, sitasema nani mbaya zaidi, maana njaa nayo ina hoja zake. Nasema tu kwamba waya hauna kamba ya mita kumi inayokurudisha kwa ulichokifanya.

Kilichonikaba koo ni kwamba jambo hili nalijua bila msitu. Binamu yangu aligongwa na gari usiku kando ya barabara kuu, gari likapunguza mwendo, taa za breki zikawaka, kisha likaondoka. Mashahidi wote wanazikumbuka hizo taa. Sheria yetu ya trafiki inamtaka dereva asimame. Tunajua pia kwa nini wengine hawasimami, maana umati wa watu wenye hasira hauulizi maswali. Sawa, ogopa umati. Kuna kituo cha polisi, kuna simu, kuna kesho. Binamu yangu alipona, anachechemea. Hospitali ililipwa kwa mchango wa familia na marafiki. Shangazi hakuwahi kuzungumzia pesa. Alichouliza miaka yote hiyo ni kama yule mtu alijua amegonga mtu au alijiambia ni mbwa. Simlaumu kwa swali hilo, ila mpaka leo silipendi, kwa sababu linachukulia kwamba angekuwa mbwa basi ingekuwa sawa.

Kuna desturi ya Ujerumani ambayo niliikata kwenye makala ya mteja kwa sababu maneno yalizidi. Mnyama akipatikana, tawi dogo linavunjwa, linaguswa kwenye damu, anapewa mwindaji. Na kama ni mbwa aliyempata, kipande cha tawi hilo huwekwa kwenye ukanda wa shingo yake.

Lakini kazi nyingi za mbwa hawa hazifiki kwenye tawi. Kuna safari ambazo mpigaji ameapa kabisa kwamba risasi ilipita hewani, hakugusa kitu, ayala alikimbia mzima. Wawindaji makini humwita mwenye mbwa hata hivyo. Anakuja na gari lake, anafunga ukanda, anamweka mbwa pale pale mnyama aliposimama. Wanatembea mita mia tatu, mia tano, kuvuka kijito, kupanda kilima. Hakuna damu. Hakuna unywele uliokatika wala mahali alipolala. Mbwa anapoteza hamu, anainua kichwa. Mwenye mbwa anakunja kamba, anasema alikuwa mzima, wanarudi garini.