Korongo la Frida

Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyemtuma Dian Fossey kwa gorila wa Virunga, naye alikuwa na siri yake.

Mwaka 1933 mzaliwa huyu wa Kabete, Kenya, alikuwa mtafiti wa Cambridge. Nyumbani ana mtoto mmoja, na mkewe Frida ni mjamzito. Akamwomba binti wa miaka 20, Mary Nicol, amchoree zana za mawe za kitabu chake. Michoro ikaendelea, na mapenzi ya chinichini yakaanza.

Siri haikudumu. Cambridge ikamnunia, talaka ikatoka 1936, na mwaka huohuo akamwoa Mary.

Mary hakuwa kivuli cha mtu. Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiugua kambini Olduvai, katika Tanzania ya leo, yeye alitoka na mbwa wake akaliona fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Sifa zikawaendea wawili hao.

Frida, aliyeumia zaidi, wasimulizi humpitia mbiombio. Hata hivyo, fuvu hilo lilipatikana mahali paitwapo FLK, yaani Frida Leakey Korongo.