Kuwashwa Mwili na Dhana ya Zina

Enyi ndugu zetu wa Lushoto, Soni na Mlalo, lisikilizeni neno ambalo wengi hulionea haya.

Baridi ya milima yetu ya Usambara huwalaza watu watatu, wanne, katika blanketi moja. Mmoja akipata upele huwaambukiza wenzake. Maana upele ni kidudu kidogo kichimbacho ngozini, na mwasho wake huzidi usiku. Basi mume aonapo vipele sehemu za siri humtazama mkewe kwa jicho baya, na talaka i mdomoni. Je, mtoto anyonyaye, mwenye vipele vile vile mikononi, naye amezini? Katika Sura ya Hujurat tumekatazwa dhana.

Wala msijidanganye kwa upande wa pili. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, nacho hupona chenyewe; kisha huenda vikatoka vipele viganjani na nyayoni, aghalabu visivyowasha. Mwenye kunyamaza hudhani amepona, kumbe ugonjwa ungali mwilini, na mtoto aliye tumboni mwa mkewe yu hatarini. Sindano ya penisilini huuponya. Waende wote wawili hospitali wapimwe damu. Wanawake wa Ansari walimwuliza Mtume habari za hedhi na janaba. Sisi ni nani hata tumwonee haya tabibu?

Na penye upele, watu wote wa nyumba wapakwe dawa siku moja, na nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto. Mwasho waweza kubaki majuma machache baada ya dawa. Asishutumiwe mtu kwa hilo.